Jina Libaki

Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilijiona najua kila kitu kuhusu karatasi. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya kanisa mjini Iringa, kwenye chumba cha nyuma chenye meza mbili, mashine ya kurudufu, na baridi iliyokataa kutoka hata jua likiwaka nje. Nilivaa sweta juu ya sweta, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa wino kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili nilivisugua kwa ndimu, na bado waliokaa nami benchi moja walijua nafanya kazi gani.

Kwa wasioijua kazi hiyo, stensili ilikuwa karatasi laini yenye nta. Unauondoa utepe wa wino kwenye taipureta ili herufi zipige zikiwa kavu na kuitoboa nta. Halafu unaifunga stensili kwenye pipa la mashine, unazungusha mpini, na wino unapita penye matundu na kuacha maneno kwenye karatasi, nakala baada ya nakala, mpaka mkono ufe ganzi. Ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu yenye harufu kama ya rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri, unapiga tena. Mimi sikupenda kusubiri. Mama yangu alisema nilizaliwa na haraka, na kwamba mkunga alinidaka kwa bahati.

Karatasi zilikuwa shida miaka ile. Kiwanda cha Mgololo kilikuwa hakijajengwa, na karatasi zetu zilitoka mbali. Zikifika, katibu wa ofisi alizifungia kabati moja na divai ya Meza ya Bwana. Katibu alikuwa mzee wa Kibena, mpole, ambaye sikuwahi kumwona akitupa kitu. Bahasha zilizotumika alizigeuza ndani nje na kuzigundisha upya. Stensili alizitoa mojamoja, akiishika kila moja kwa ncha mbili kama anayempokea mtoto mchanga, na kabla hajakuachia alikuuliza kama una hakika.

Shangazi yangu aliingia katika chumba hicho asubuhi moja ya kiangazi, akiwa na kikapu cha viazi mkononi na daftari la shule kwapani. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mwalimu wa kwaya ya kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka mjini. Aliishia darasa la nne, lakini sol-fa, zile noti za herufi, aliisoma kama wengine wanavyosoma barua. Ukimwonyesha ukurasa wa d, r, m na s, nukta na mistari, alikuwa anakuimbia papo hapo sauti zote nne, hata besi, kwa sauti nzito iliyotuchekesha.

Daftari lile lilikuwa na nyimbo sita, zote za kwake. Wa kwanza ndio uliokuwa roho ya daftari. Unahusu mtu anayepanda mlima asubuhi ya ukungu, hamwoni aliyemtangulia, anasikia nyayo zake tu. Sisi tuliuita wimbo wa ukungu. Aliutunga mwaka uliofuata kifo cha mwanawe.

Lazima niseme habari za mwana huyo, kwa sababu yote yanayofuata yanamhusu. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikufa kwa homa ya siku tatu, akiwa na miaka saba, wakati shangazi amembeba mgongoni kumpeleka hospitali. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la usichana hupumzika. Ataitwa Mama wa huyo mtoto na majirani, na mchungaji, na mumewe, na muuza chumvi. Shangazi aliitwa hivyo kwa miaka saba. Mtoto alipokufa, watu waliacha. Hakuna kikao kilichokaa kuamua. Walimwonea huruma, wakaogopa kulitaja jina lile mbele yake, na kila mmoja akalikwepa kwa namna yake. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha kijiji kizima kilikuwa kinamwita Mama Kwaya. Aliitika, maana yeye si mtu wa kugomba. Aliniambia mimi peke yangu, siku moja tukimenya viazi jikoni kwake, "Wamemzika mara mbili, mwanangu." Akaendelea kumenya.

Jina la mtoto siliandiki hapa. Ruhusa aliyoitoa shangazi ilikuwa ya wimbo, na hiki si kitabu cha nyimbo. Wanaouimba wanalijua.

Basi siku ile ofisini aliweka daftari juu ya taipureta yangu, akanisalimu kwa Kihehe, akasema, "Kamwene, mwanangu. Mchungaji amekubali zirudufiwe, zipelekwe kwa kwaya za huku na za upande wa Mbeya. Sasa sikiliza vizuri. Mtu yeyote aziimbe. Mtu yeyote azinakili. Asije kuniomba ruhusa, ruhusa nimeshatoa. Ila mwenye nyimbo aandikwe Mama wa yule mtoto. Si Mama Kwaya. Na anayenakili asiliache jina."

Nikasema sawa.

"Utaliandika wapi?"

"Kwenye jalada, shangazi. Majina yanakaa kwenye jalada."

"Na karatasi zikiachana?"

Nilikuwa na barua tatu za kupiga kabla ya saa sita. Nikamjibu bila kuinua macho. "Zimebanwa kwa pini mbili. Zitaachanaje?"

Alinitazama kama anavyomtazama mwimbaji wa alto aliyeingia kabla ya zamu yake. Kisha akasema, "Wewe ndiye unayeijua kazi yako," akaniachia viazi, akaenda kulifuata basi.

Kwa haki ya Mungu, sikuwa mvivu tu. Nyimbo sita zilienea kwenye stensili sita barabara, kila wimbo na ukurasa wake, bila nafasi ya kupumua. Kuongeza mistari miwili kwenye kila ukurasa kungezisukuma nyimbo mbili zimwagike kwenye stensili ya saba na ya nane, na ningelazimika kwenda kusimama tena mbele ya kabati la divai. Nikaona jalada linatosha. Nikalipiga kwa mbwembwe, kwa Kiswahili cha ofisini: kwamba nyimbo zilizomo humu zimetungwa na Mama fulani, na kwamba kwaya yoyote imepewa ruhusa ya kuziimba na kuzinakili, kwa sharti kwamba jina la mtunzi halitaondolewa. Nikachora na msalaba mdogo kwa kalamu ya chuma. Jalada lilitoka zuri, kwenye karatasi ngumu ya manila, na nilijivunia. Vitabu vikaondoka kwa basi, vingine kwa wachungaji, vingine kwa walimu wa kwaya waliokuja mjini kununua sabuni.

Mwaka uliofuata kukawa na mkutano wa kwaya huko Mbalizi. Kwaya ya shangazi ilialikwa, nami nikaomba ruhusa nikaenda nao, kwa sababu sauti yangu ya soprano ilikuwa bado inafaa na kwa sababu nilitaka kuona nyimbo nilizozipiga zikiimbwa na watu nisiowajua. Tulipanda lori la mtu wa mbao, tumejifunika mablanketi, tukashuka Mbalizi tukiwa weupe kwa vumbi kama waliotoka kusaga unga.

Kwaya zilikuwa nyingi. Ya tatu au ya nne kusimama ilikuwa ya watu wa milimani huko nyuma ya Mbeya, mashati meupe yote, mwalimu wao kijana mrefu mwenye koti lililombana mabega. Akainua mkono, na besi wakaanza nyayo za wimbo wa ukungu.

Nilifurahi, sitadanganya. Niligeuka kumtazama shangazi, naye alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inafuata maneno. Waliimba vizuri kuliko sisi. Walipomaliza, msimamizi wa shughuli aliwauliza kwa sauti wimbo ule mtamu wameutoa wapi, ni wa nani. Yule mwalimu akajibu kwa heshima zote, "Ndugu msimamizi, ni wimbo wa zamani tu. Hauna mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Shangazi aliinua kichwa akatazama mbele.

Mambo hayakuishia hapo. Zamu yetu ilipofika, shangazi alikuwa ameshapeleka karatasi ya wimbo tutakaoimba, na ulikuwa ule ule. Msimamizi akaisoma, akatabasamu, akasema ndugu zetu wa Iringa tunawaomba waimbe mwingine, huu wenzao wameshauimba. Hakuwa na ubaya. Tukaimba mwingine. Tuliuimba vibaya, kila mmoja akimtazama shangazi, naye akituongoza mpaka mwisho.

Mimi damu ilinichemka. Mapumziko yalipoanza nilimfuata yule mwalimu mpaka nyuma ya kanisa, alikokuwa anakunywa chai na wenzake, nikamwambia mbele yao wote kwamba ni mwizi. Nilisema na mengine. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akaweka kikombe chini, akachomoa karatasi mfukoni mwa koti na kunikabidhi.

"Dada, mimi nilipewa hii," akasema. "Itazame wewe mwenyewe uniambie ningejuaje."

Ilikuwa nakala ya stensili yangu. Niliitambua kwa herufi ya m iliyopinda, ugonjwa wa taipureta yetu. Juu palikuwa na kichwa cha wimbo, chini noti na maneno, pembeni alama za vidole vya watu wengi. Jina halikuwepo, kwa kuwa mimi sikuliweka.

"Na jalada?" nikauliza, lakini sauti ilikuwa imeshashuka.

Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Kwao kitabu kimoja kinahudumia kwaya tatu. Kikifika, mwalimu anang'oa pini siku hiyo hiyo. Soprano wanachukua ukurasa mmoja wakajifunze upande wao, alto mwingine, tenor mwingine, besi mwingine, kisha wanabadilishana wiki hadi wiki. Ukurasa ukizoeleka unapelekwa kwaya ya jirani, na wao wanaunakili kwenye madaftari yao na kuupeleka mbele. Na manila ngumu, nani anaiacha ikae bure? Jalada la kitabu chao lilikuwa limefunika daftari la mahudhurio, upande wenye maandishi ndani, ili mchungaji aandike juu ya upande safi.

"Kwani kwenu hamfanyi hivyo?" akauliza.

Kwetu tulifanya hivyo hivyo. Hicho ndicho kilichonichoma. Nilikua nikiona shangazi mwenyewe anang'oa pini kwa meno. Kila mwimbaji wa Nyanda za Juu alijua kwamba kitabu cha nyimbo hakikai kitabu zaidi ya juma moja, na mimi, mwimbaji tangu utotoni, nilipokaa mbele ya taipureta nilikuwa nimegeuka mtu wa ofisi anayedhani vitabu vinasomwa na watu wa ofisi. Nilimwomba msamaha mbele ya wale wale waliosikia nikimtukana. Akanimiminia chai.

Usiku ule tulilala kwenye madarasa, na asubuhi, tukisubiri lori, nilimwambia shangazi kosa lilikuwa langu. Nilitaka anigombeze. Yeye alikuwa anakunja blanketi lake, kona kwa kona.

"Wimbo waimbe," akasema. "Mimi wimbo sijaukosa, si umeusikia? Wameuimba vizuri. Nilitaka lile jina tu. Nilidhani huko mbali, ambako hawajui kama alikufa, watalitaja bila kuogopa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika hapa halikuwa langu, na hilo lilinitesa zaidi.

Nilirudi ofisini nikaenda moja kwa moja kwa katibu kumwomba stensili sita. Nilitegemea kukataliwa, na nilikuwa nimeandaa hasira yangu njiani. Alinisikiliza, akavua miwani, akauliza swali lile lile la shangazi. "Sasa utaliandika wapi?"

Nikasema chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo.

Akatikisa kichwa. Akafungua droo yake na kunionyesha fungu la vikaratasi vyembamba, urefu wa kiganja. Vilikuwa risiti, salamu, maombi ya dawa, ujumbe wa mchungaji mmoja kwa mwingine. Vyote vilikuwa vimekatwa kutoka sehemu ya chini ya karatasi nyingine. "Binti, sehemu ya chini ya karatasi ndiyo karatasi ya maskini," akasema. "Penye nafasi nyeupe watu wanakata wanaandikia. Usiweke kitu cha mtu chini."

Nyuma ya ukurasa je? Wino wa mashine yetu ulivuja hadi upande wa pili, na tena anayenakili hageuzi. Juu kabisa, kabla ya kichwa? Nikachukua madaftari mawili ya wanakwaya wa mjini nikayachunguza, na nikaona kwamba mtu anayenakili wimbo huanza kwenye kichwa. Kilicho juu ya kichwa anakihesabu ni mambo ya ofisi, anakiruka. Karatasi ya peke yake, yenye maelezo yote, ibanwe pamoja na zingine? Hiyo ilikuwa jalada lingine, lenye safari fupi zaidi.

Ilibaki sehemu moja, kati ya kichwa na mstari wa kwanza wa noti. Pale jicho haliwezi kupita bila kukanyaga. Anayetaka kuukata mstari huo lazima akate wimbo. Anayenakili, kalamu yake ikitoka kwenye kichwa kwenda kwenye d ya kwanza, inapita hapo hapo.

Shida ilikuwa nafasi. Maneno yangu ya jaladani, pamoja na sharti na mtunzi na kutoondolewa, yalikula mistari minne. Nilikaa siku nzima nikiyapunguza, na kila nilipopunguza yalizidi kuwa makavu. Mwishowe niliyaacha yote jaladani, kwa atakayebahatika kuliona jalada, nikajiuliza shangazi mwenyewe angesemaje. Nikapiga hivi, mstari mmoja, chini ya kichwa cha kila wimbo kati ya zile sita:

Wimbo wa Mama fulani. Imbeni, nakilini, jina libaki.

Ila mahali pa fulani niliandika jina la mtoto, kwa herufi kubwa. Mstari ulienea. Nyimbo zote sita zilikaa kwenye stensili sita, bila ya saba. Ningeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza kama ningeinua macho yangu. Katibu alisimama karibu nikizungusha mpini, akiokota nakala zilizoteleza, na hakuuliza kama nina hakika.

Tulizipeleka upya kote. Yule mwalimu mrefu wa Mbeya nilimtumia za kwake kwa basi, nikaambatanisha barua, naye akajibu kwamba amekusanya zile za zamani na kuandika jina kwa mkono kwenye kila moja aliyoipata. Zingine, alisema, zimeshavuka mito, hawezi kuzifuata. Shangazi nilimpelekea nakala yake mwenyewe. Aliisoma, akapitisha kidole juu ya ule mstari, akasema, "Sasa umeandika," akaikunja na kuiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Kijijini waliendelea kumwita Mama Kwaya.

Miaka miwili ikapita, na kidogo. Kaka yangu alikuwa amepata kazi ya kuendesha trekta kwenye mashamba ya mpunga huko Usangu, akaoa huko huko, na mtoto wake wa kwanza alikuwa anabatizwa. Akamwita shangazi, nami nikamsindikiza. Tulishuka Chimala sokoni, tukapakiwa kwenye tela pamoja na magunia, tukaenda bondeni kwenye joto ambalo shangazi alilitukana kwa Kihehe njia nzima.

Kanisa lilikuwa la miti na udongo, mabenchi ya matofali, na waumini wengi walikuwa watu waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Walitusalimu kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa kicheko. Tuliketi mbele kama wageni. Mtoto akamwagiwa maji, akalia kama anavyotakiwa, kisha kwaya ikainuka. Watu kumi na tano hivi, kiongozi wao mama mfupi mwenye shanga shingoni na daftari la shule mkononi. Nilipenyeza jicho. Halikuwa karatasi yangu. Ulikuwa wimbo ulionakiliwa kwa penseli, kutoka kwenye nakala ya penseli bila shaka, na noti zingine nilizoziona zilikuwa zimepotea njia.

Yule mama akavuta pumzi, akaimba peke yake, juu, polepole: "Wimbo wa Mama . . ." na jina la mtoto likafuata, zima, limevutwa kwa urefu wa pumzi yake yote.

Na kwaya nzima ikamwitikia kwa sauti nne: "Imbeni, nakilini, jina libaki."

Nilidhani nimesikia vibaya. Wakarudia. Kiongozi akaita tena, na kwaya ikajibu tena, safari hii na makofi, na ndipo besi wakaanza nyayo za ukungu. Baada ya kila ubeti walirudi pale pale. Walikuwa wamekuta maneno kati ya kichwa na noti, mahali panapokaa maneno ya kuanzia, na watu waaminifu walionakili kila kitu kama kilivyokuja waliyaona ni sehemu ya wimbo. Hayakuwa na noti, basi wakayatafutia za kwao. Na lazima nikiri, walizitafuta vizuri.

Uso uliniwaka. Kazi yangu, mstari wangu wa ruhusa, unapigiwa makofi kanisani. Nilianza kuinuka, sijui nilitaka kufanya nini, pengine nisubiri waishe niwaeleze kwamba hilo ni tangazo. Mkono wa shangazi ukashika kitenge changu, ukanivuta chini kwa nguvu nilizosahau kwamba anazo.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Alikuwa analia bila kujificha, na miguu yake ilikuwa inafuata mdundo. Walipofika mara ya tatu kwenye lile jina, akalia zaidi. Walipofika mara ya nne, akaimba nao.

Baada ya ibada tulikaa nje kwenye kivuli cha ukuta, na yule mama wa shanga akaja kutusalimu. Kwa kuwa siwezi kunyamaza, nilimwuliza huo wimbo wameupata wapi.

"Hii wimbo imekuja na watu wa Chimala," akasema. "Wao wamepata kwa wengine huko. Sisi tumeandika yote, hatujaacha kitu."

"Na huyo mama anayetajwa ni nani?"

Akafikiri. "Mimi nadhani ni mama wa kwenye Biblia. Nimemtafuta sijamwona bado, lakini Biblia ni kubwa."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Shangazi hakucheka. Alimtazama yule mama, akakunjua mikono yake mapajani, akasema, "Ni mimi."

Yule mama hakuelewa mara moja. Shangazi akarudia, akamweleza kwa maneno machache: wimbo ni wake, mtoto alikuwa wake, alikufa akiwa na miaka saba. Yule mama akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Shikamoo, Mama . . ." na akalitaja jina, kwa kuwa hilo ndilo jina alilokuwa nalo, hakufundishwa lingine. Kisha akageuka akawaita wenzake waje wamwone, na wote kumi na tano wakaja, mmoja mmoja, na kila mmoja akamsalimu hivyo hivyo.

Nilikuwa nimeandaa maelezo yangu kuhusu ule mstari, mahali unapotakiwa kukaa na kwamba hauimbwi. Nikayameza. Mpaka leo sijamwambia mtu yeyote bondeni kule.

Wali ulipoiva, wanawake waliokuwa wanapakua nyuma ya nyumba ya kaka hawakumwona shangazi kwenye duara la wageni. Alikuwa amesogea kando, kwenye mfereji wa maji ya mpunga, amevua viatu. Mmoja wao akaweka mkono mdomoni akamwita kwa nguvu, kama anavyoitwa mtu yeyote chakula kisipoe, "Mama . . ." na jina la mtoto likapita juu ya mashamba yote yale.

"Abee," shangazi akaitika, akainama kutafuta viatu vyake.